Taa ya Kushoto

Bi Skolastika, msimamizi wa uwanja wa mafunzo pale Lugendo, aliuliza mara ya pili akidhani masikio yamemcheza.

"Ng'umbi? Unamtaka Ng'umbi?"

"Ndiyo, mama. Mwalimu Ng'umbi," Tusekile akajibu.

"Mwanangu, wenzio wananililia niwape mwalimu mwingine yeyote. Juzi mwanamume mzima, ana ndevu zake, alishuka kwenye lori lile akaenda kujificha nyuma ya choo mpaka machozi yamkauke. Ninayo nakala ya Mama Chaula hapa, mpole, ukikosea anakuimbia. Balaa la nini?"

"Nimesikia hakuna anayeujua mteremko kama yeye."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka mdomoni bila kukwama. Ukweli wa pili Tusekile aliuacha mfukoni mwa koti, pamoja na kijiti cheusi chenye urefu wa kidole alichokipata kwa fundi mmoja wa kuvunjavunja malori mabovu. Kijiti kile ukikichomeka kwenye tundu lake na kukisukuma hadi mwisho, nakala yote ya mwalimu iliyomo ndani ya sanduku la lori inafutika, haibaki hata kikohozi.

Bi Skolastika akamwongoza kwenye lori, akamfunga ukanda wa mpira kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

"Huu usiuvue. Ndiyo fimbo yake. Ukiharibu, unafinya. Na sheria hapa ni moja: nakala haiambiwi habari za mwenyewe. Anajua kwamba yeye ni nakala, hilo halimsumbui. Lakini chochote kilichompata mwenyewe baada ya kuvua kofia ya kunakilia, wewe nyamaza. Kama kaoa, kama kapofuka, kama kafa. Nakala ya mzee Kihwele iliambiwa mkewe amefariki. Mpaka leo iko stoo, haifundishi, inaita jina la mke tu."

"Nimeelewa, mama," Tusekile akasema, na moyoni akafurahi kuelewa.

*

Huko bondeni malori yalikuwa yameacha kuhitaji watu tangu Tusekile hajazaliwa. Yalijiendesha yenyewe, usiku na mchana, yakipishana kwa adabu. Ila mteremko wa Lugendo uliyashinda. Ukungu uliziba macho ya mashine na majabali yakakata mawasiliano. Zaidi ya hapo, mashine haikuwahi kuelewa kwa nini mtu avunje matawi na kuyatandaza barabarani. Iliona majani, ikayakanyaga, ikaenda. Dereva wa kweli akiona matawi yale anajua kuna gari limekufa mbele, anakanyaga breki mapema. Basi mashine zikayakanyaga matawi, watu wakazikwa, na mwishowe ikatoka amri kwamba kwenye mteremko usukani ushikwe na binadamu. Kufika hapo, madereva waliojua kazi walikuwa wamebaki wazee wachache wenye magoti mabovu. Wakavishwa kofia za kunakilia, wakaendesha nazo msimu mzima wa mvua, na kofia zikachukua macho yao, mikono yao, kumbukumbu zao na midomo yao. Vyote vikatiwa ndani ya masanduku ya chuma chini ya kiti cha abiria.

Kwa Ng'umbi, mdomo ndio uliochukuliwa vizuri zaidi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa sawasawa. Hicho ni kiti cha dereva, si mkeka wa msibani."

Tusekile aliitambua sauti ile. Ilikuwa ileile. Alikuwa msichana wa sekondari, sare mpya mwilini na bandeji kichwani, siku alipoisikia ikiapa mbele ya wapelelezi wa ajali kwamba, "Mimi niliwasha taa ya kulia. Huyo kijana alikuwa na haraka zake." Wapelelezi wakamtazama mzee mwenye heshima zake, wakamtazama mtoto wa kike mwenye bandeji, wakaandika kwamba ni ukungu. Ambwene, kaka yake Tusekile, akazikwa kesho yake na funguo za nyumbani bado zimo mfukoni mwa suruali, maana hakuna aliyekumbuka kuzitoa.

Ng'umbi mwenyewe aliendelea kuendesha hadi akachoka. Walimfanyia sherehe, wakampa cheti na mbuzi. Alikufa kitandani kwake, usingizini, kabla Tusekile hajawa mkubwa wa kutosha kumfuata na kumwambia lolote. Hilo ndilo lililomkera kuliko kifo chenyewe. Mtu amekosa, amelala, hakuamka. Nani sasa alipe? Kilichobaki duniani cha Ng'umbi kilikuwa sanduku hili.

Angeweza kulifuta siku ile ile ya kwanza. Lakini aliona hiyo ni rahisi mno. Alitaka kwanza kumnyang'anya. Kila ujanja wa kona, kila namna ya kuisikiliza injini, vyote alivyojivunia mzee yule, avichukue yeye dada yake Ambwene. Halafu mwalimu akishatamka neno "umefaulu", ambalo bila hilo hakuna leseni, ndipo asukume kijiti.

Kwa hiyo alivumilia. Na kulikuwa na vya kuvumilia.

"Unashika usukani kama unakamua ng'ombe! Legeza!" Ukanda ukafinya. "Hiyo gia inakulilia, huisikii? Una masikio ya kuvalia hereni tu?" Ukafinya tena. "Nani kakwambia uangalie boneti? Boneti itakwenda wapi bila wewe? Angalia mbele!"

Jioni alirudi nyumbani na kifundo chekundu, akakiloweka kwenye maji ya chumvi huku akitabasamu peke yake. Kadiri ukanda ulivyomfinya ndivyo alivyozidi kumchukia, na kadiri alivyozidi kumchukia ndivyo alivyoendesha vizuri. Bi Skolastika alishangaa kumwona anarudi kila asubuhi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, na alikisukuma kando kila kilipokuja. Kofia ile mzee aliivua miaka miwili kabla ya ajali. Huyu anayefoka humu ndani hakuwahi kumwona Ambwene. Alikuwa hajafanya bado. Lakini mkono ni uleule, Tusekile alijiambia, na roho ni ileile, basi asinisumbue.

Siku moja, wakiwa wamesimama kupoza breki, Ng'umbi akasema kwa sauti ya chini ambayo Tusekile hakuwahi kuisikia kwake.

"Leo taa. Sikiliza hili kuliko yote niliyokufundisha. Lori lako ni zito, linapanda pole pole. Nyuma yako kuna gari dogo, na dereva wake haoni kitu isipokuwa matako ya tela lako. Macho yake ni wewe. Ukiona kitu kinashuka, washa indiketa ya kulia: unamwambia tulia, usitoke. Ukiona njia nyeupe, haina kitu, washa ya kushoto: unamwambia haya, pita. Hili hawakuliandika wakubwa, ni letu sisi madereva. Mtu anaingiza gari lake, na watoto wake ndani, mahali asipopaona, kwa sababu wewe umemwambia. Unaelewa uzito wake?"

"Naelewa, Mwalimu."

"Na akikupigia honi? Maana watapiga. Mimi wapiga honi siwapendi, nakwambia ukweli, wananipandisha hasira mpaka kisogoni. Lakini mpiga honi ni wa kuachwa alie. Siku ukitoa taa ya uongo kwa sababu ya honi, wewe si dereva tena. Ni muuaji mwenye leseni."

Tusekile aliuma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu. Yote yalikuwa yamefika mdomoni. Akayameza, akawasha gari.

*

Siku ya mtihani walipakia viazi. Lori likaanza kupanda asubuhi ukungu ukiwa umelala barabarani, na mkono wa kushoto wa Tusekile ukawa unagusa mfuko wa koti kila alipobadilisha gia.

"Unawashwa nini?" Ng'umbi akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi mikono kwenye usukani."

Alipanda vizuri. Hata mwenyewe alijua. Aliisikia injini inapotaka gia ndogo kabla haijalalamika, akaona matawi mawili ya mkaratusi yametandazwa pembeni, akapunguza mwendo, na kweli baada ya kona kulikuwa na tela limelala ubavu. Ng'umbi hakumsifu, lakini hakumfinya pia, na kwa Ng'umbi hiyo ilikuwa sifa.

Gari dogo jekundu likawafikia katikati ya mteremko. Lilikuja na honi. Kwanza fupi fupi, halafu ndefu, halafu dereva akaweka kiganja juu yake asikiondoe tena. Akawasha taa kubwa zikajaa kwenye vioo vya lori. Tusekile akawasha indiketa ya kulia, tulia, na jamaa akajibu kwa honi nyingine. Kwenye kioo alimwona ni kijana, mdomo unakwenda, na hayo yaliyokuwa yanatoka hayakuwa salamu.

"Mwache alie," Ng'umbi akasema. "Gia. Gia, binti! Unasubiri nikuletee?" Ukanda ukafinya.

Honi. Ukanda. Honi. Mbele yao ikaja Kona ya Chumvi, pale alipofia Ambwene, mahali ambapo Tusekile hakuwahi kupita bila kugeuza uso; mazoezini hawakufika hapa, na leo alikuwa ndiye dereva, hakuwa na pa kuugeuzia. Kifundo kilimuuma, taa zilimchoma macho, na kelele ile ilimwingia kichwani ikakaa. Hasira yote, ya mzee, ya wapelelezi, ya mbuzi wa sherehe, ilikusanyika ikamgeukia mpumbavu mmoja asiyemjua aliyekuwa nyuma yake.

Kwenye kioo kikubwa cha mviringo walichokifunga pale konani kuonyesha yanayokuja upande wa pili, ukungu ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Kuna kitu kilikuwa kinashuka. Tusekile aliuona mwanga ule. Baadaye hakujidanganya kwamba hakuuona.

Haya pita, alisema moyoni. Pita ukapige honi huko mbele. Kidole chake kikaisukuma swichi, na indiketa ya kushoto ikaanza kupepesa.

Gari jekundu likachomoka.

"Kulia!" Ng'umbi akapiga ukelele ambao haukuwa wa ukali, ulikuwa wa woga. "Rudisha kulia! Kulia, muuaji wewe!" Ukanda ukabana mpaka mfupa ukalia. Sanduku lilikuwa na breki yake, lakini taa, sheria ilikuwa imemwachia binadamu peke yake, na nakala ile haikuweza kufanya kitu zaidi ya kupiga kelele na kufinya. Tusekile akaipiga swichi kwa kiganja kizima. Kulia. Kulia. Gari jekundu lilikuwa limekwishatoa nusu ya mwili. Likayumba, likajirudisha nyuma ya tela, na papo hapo lori kubwa la mizigo likatokea kwenye ukungu likashuka kando yao bila hata kupunguza mwendo, upepo wake ukalitikisa lori la viazi.

Honi ilikuwa imenyamaza.

Kona ikaisha, barabara ikafunguka mbele, tupu. "Sasa," Ng'umbi akasema taratibu. "Njia nyeupe. Mpe."

Tusekile akatoa ya kushoto. Gari dogo likapita pole pole. Kijana yule akainua mkono dirishani kumshukuru.

*

Juu kabisa kulikuwa na sehemu ya kuegesha. Tusekile akasimamisha lori, akazima, akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Uliliona," Ng'umbi akasema.

"Niliona."

"Uliona, ukampa kushoto! Nimeendesha tangu sina ndevu, nimetukanwa, nimepigiwa honi na kila mwehu wa barabara hii, sijawahi kumdanganya mtu taa. Sijawahi! Umetoa wapi roho ya namna hiyo?"

"Kwako."

"Nini?"

Tusekile akainua kichwa. Aliikumbuka sheria ya Bi Skolastika, na akaivunja kwa raha. "Miaka miwili baada ya kuvua kofia. Kona ile ile. Pikapu ya bluu, dereva wake Ambwene Mwaipaja, kaka yangu. Ulimpa kushoto na lori la chumvi linashuka. Nilikuwa kiti cha mbele. Niliiona kwa macho yangu ikipepesa, na niliona anavyofurahi kwamba umempa njia. Halafu ukaapa kwamba ulitoa ya kulia, na wakubwa wakakuamini wewe."

"Huyo si mimi."

"Mkono ni wako."

"Si mimi! Mimi siwezi..." Sauti ikakatika. Feni ya sanduku chini ya kiti ikasikika inazunguka kwa kasi. Ilizunguka muda mrefu kabla hajauliza, "Alikuwa anapiga honi?"

"Alikuwa anapiga. Alikuwa na furaha, ananipeleka shule. Alipiga tangu bondeni."

Ng'umbi aliposema tena, ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Kuna siku moja, kabla ya kofia. Kijana alinililia honi tangu chini, na pale konani nikaona mwanga unashuka. Kidole changu kilifika kwenye swichi ya kushoto. Nilikiweka hapo. Nilitaka, binti. Halafu nikakiondoa, na sijamwambia mtu, hata mke wangu sikumwambia." Feni ikalia. "Kwa hiyo huyo unayemsema namjua. Namjua sana. Ni mimi siku ambayo sikukiondoa."

Tusekile hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amepanga majibu ya ubishi na matusi, ya mtu anayekiri hakuwa nayo.

"Alipata adhabu gani?" Ng'umbi akauliza.

"Cheti na mbuzi. Akafa usingizini."

"Basi kitoe hicho kijiti."

Tusekile akashtuka.

"Tangu siku ya kwanza unagusagusa huo mfuko. Mimi nina macho kila pembe ya kichwa hiki cha lori. Nilidhani umekileta kwa sababu ya mdomo wangu, wengine wameshanitishia. Kitoe. Tundu liko nyuma ya sanduku, upande wa mlango. Nifute."

Akakitoa. Miaka yote ile alikuwa ameiwaza saa hii, na kila alipoiwaza mzee alikuwa akiomba asifutwe. Akainama, akalipapasa tundu, akalipata. Ncha ya kijiti ikaingia bila shida. Kilichobaki ni kusukuma. Akawaza jinsi ilivyo rahisi: atafutika, hatakumbuka, atalala kama yule mwenyewe alivyolala, na yeye Tusekile ndiye atakayekuwa amemlaza.

Akakichomoa.

"Sikufuti."

"Binti, tafadhali." Lilikuwa neno jipya kinywani mwake.

"Hapana, Mwalimu. Utafundisha. Kila atakayepanda humu utamfundisha taa kwanza, kabla ya gia, kabla ya breki. Na kila ukisema kushoto utamkumbuka Ambwene Mwaipaja."

"Hiyo ni adhabu ya kosa ambalo sikulifanya."

"Najua," Tusekile akasema, na machozi yakamtoka, ya hasira. "Aliyelifanya amekwenda zake. Mmoja wenu atalibeba, na aliyebaki ni wewe."

Feni ikazunguka, ikazunguka, ikatulia. Tusekile akaogopa. Akaikumbuka nakala ya mzee Kihwele iliyoko stoo, akadhani sasa atasikia jina la kaka yake likiitwa bila kukoma. Kisha ukanda ukamgusa kifundo, ukabana kidogo tu, bila kuumiza, na kulegea.

"Washa gari," Ng'umbi akasema.

Akawasha.

"Umefeli."

"Nini?"

"Unafikiri kwa sababu umenimaliza nitakupa leseni? Umetoa taa ya uongo na uliona. Yule kijana yuko hai kwa sababu ukanda unabana, si kwa sababu ya wema wako. Kwangu hupiti. Hupiti leo, na wala sijui utapita lini. Kesho saa mbili asubuhi uwe umekaa hapo, usichelewe."

Tusekile alifungua mdomo kubisha. Akaufunga, akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tutaanza na taa. Sema tena jina lake, nisije nikalikosea."

"Ambwene. Ambwene Mwaipaja."

"Ambwene Mwaipaja," Ng'umbi akarudia, pole pole, kama mwanafunzi. "Haya. Kulia, tuingie barabarani."

Tusekile akawasha ya kulia. Wote wawili wakatazama kioo muda mrefu, na barabara ilikuwa tupu, na bado hakuna aliyekuwa tayari kusema twende.